Ufundi wa Kurudia Neno Lilelile

Mwalimu wa insha akikutana na dai la hataza, kalamu nyekundu itaisha wino kabla hajafika mwisho. Dai ni sentensi moja tu, hata liwe na maneno mia tatu. Linaanza kwa jina la kitu, linashuka mstari kwa mstari likitaja sehemu za kitu hicho, linarudia "iliyotajwa" na "iliyotajwa" bila aibu, na nukta yake iko moja, mwisho kabisa. Ukilichunguza sana utaona halina hata kitenzi kikuu. Ni nomino moja iliyofuatwa na sifa zake zote.

Hata hivyo, sentensi hiyo isiyopendeza ndiyo yenye thamani kuliko zote katika hati nzima. Mwombaji wa hataza huandika maelezo marefu ya uvumbuzi wake na kuambatanisha michoro, lakini wapinzani wakifikishana mahakamani, kinachopimwa ni madai. Maelezo na michoro husaidia kuyafasiri tu. Chukua mkanda wa gari unaoshuka begani, ukakatiza kifua, ukapita kiunoni na kufungwa pembeni mwa kiti. Aliyeubuni ni Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo ambaye kabla ya hapo alikuwa Saab akishughulikia viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Ombi lake liliwasilishwa Uswidi mwaka 1958, na Julai 1962 Marekani ikatoa hataza namba 3,043,625. Volvo iliwaruhusu watengenezaji wengine kuutumia mkanda huo bila malipo. Lakini kama ingetaka kumshtaki mtu Marekani, isingeenda kortini na kitambaa wala bizimu. Ingekwenda na sentensi, tena sentensi ya Kiingereza.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa hataza huandikwa jina la mvumbuzi, la kampuni na mara nyingi la wakili. La mtafsiri halimo. Ninayetaka kumsifu hapa ni huyo, na nitamsifu kwa kile ambacho watu hukidharau katika kazi yake: yale mafungu ya maneno ya kudumu, yanayotoka vilevile hataza baada ya hataza, ambayo mpita njia atasema yanahitaji kukaririwa tu. Sisi wengine tunaoishi kwa kuandika tumefundishwa kuyakimbia maneno yaliyochakaa. Yeye huyatafuta, kwa sababu kuchakaa kwake ndiko kunakoyapa nguvu. Kila fungu limeshabishaniwa na mawakili, likapimwa na wachunguzi wa ofisi za hataza, likatolewa hukumu na majaji, hadi maana yake ikasimama mahali pamoja. Ni bikoni za kiwanja. Hakuna anayeisifu bikoni kwa uzuri, lakini ole wake anayeisogeza kwa hatua mbili.

Kwa nini kazi hii iwe nyingi kutoka Kiswidi kwenda Kiingereza? Uswidi ni nchi ya wahandisi wengi na wasemaji wachache. Kampuni ya Kiswidi ikibuni kitu, njia moja iliyozoeleka ni kuwasilisha kwanza ombi katika ofisi ya hataza ya Stockholm kwa lugha ya nyumbani. Chini ya Mkataba wa Paris wa 1883, kuanzia siku hiyo inayo miezi 12 ya kupeleka ombi lilelile nchi nyingine bila kupoteza tarehe yake ya kwanza. Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliyoko Munich hupokea ombi kwa lugha yoyote, mradi tafsiri ya Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani ifike ndani ya miezi miwili. Kwenye mfumo wa kimataifa wa maombi ya hataza, Kiswidi hakimo katika lugha za kuchapishia. Na tangu Juni 2023, mahakama mpya ya hataza ya Ulaya ina tawi lake la nchi za Nordiki na Baltiki hapohapo Stockholm, na lugha ya tawi hilo ni Kiingereza. Kwa hiyo, wazo lililoandikwa kwa Kiswidi, likitaka kulindwa nje, ni lazima lipite mikononi mwa mtafsiri, na mara nyingi hupita siku za mwisho za muda, simu zikilia.

Tumwone kazini. Dai lifuatalo nimelitunga mwenyewe, lakini umbo lake ni la kila siku:

"Anordning för tillslutning av en flaska, innefattande ett lock (1) och en tätning (2), kännetecknad av att tätningen (2) är löstagbart anordnad i locket (1)."

Kwa Kiswahili cha kawaida: kifaa cha kufunga chupa, chenye kifuniko na mpira wa kuzuia kuvuja, kinachotambulika kwa kuwa mpira huo umewekwa ndani ya kifuniko kwa namna ya kuweza kutolewa. Mtafsiri ataandika: "A device for closing a bottle, comprising a lid (1) and a seal (2), characterized in that the seal (2) is detachably arranged in the lid (1)."

Inaonekana rahisi. Lakini karibu kila neno hapo lina kesi nyuma yake.

Anza na bawaba ya dai lote, "kännetecknad av att". Kanuni za Ulaya zinapenda dai ligawanywe sehemu mbili panapofaa. Kabla ya bawaba hutajwa yale yaliyokwisha kujulikana: chupa zimekuwa na vifuniko na mipira tangu zamani. Baada ya bawaba hutajwa kile ambacho mvumbuzi amekiongeza: mpira unaotoka. Kiingereza chake ni "characterized in that", maneno ambayo Mwingereza hayatamki sokoni wala mezani. Yameundwa kwa kufuata Kijerumani, na sikio la mwenye lugha linayakataa. Mtafsiri mgeni hushawishika kuyalainisha yasomeke vizuri. Fundi huyaacha. Mchunguzi wa Munich akiyaona, anajua papo hapo mstari umepita wapi kati ya cha zamani na kipya. Ukiyalainisha, umemfichia mstari.

Tena bawaba hiyohiyo ikivuka Atlantiki inabadilika tabia. Marekani kuna aina ya dai inayoitwa dai la Jepson, kutokana na uamuzi wa 1917, ambapo kila kinachotajwa kabla ya bawaba huchukuliwa kuwa mwombaji mwenyewe amekiri kwamba kilikuwepo. Mawakili wa huko hawapendi kukiri cha bure, kwa hiyo mara nyingi huliondoa "characterized in that" na kuweka "wherein", ambalo halikiri lolote. Mtafsiri anayeijua kazi yake analifahamu hilo, na bado halibadilishi kimyakimya. Huuliza hati inakwenda wapi, na uamuzi humwachia wakili. Kujua jambo kisha ukauheshimu mpaka wa kazi yako ni nusu ya ufundi huu.

Sasa tazama herufi ya mwisho ya "kännetecknad". Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Nomino za Kiswidi zimegawanyika makundi mawili, na sifa hufuata kundi la nomino yake, kama vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli. "Anordning", yaani kifaa, huchukua "kännetecknad". "Förfarande", yaani njia ya kutenda, huchukua "kännetecknat". Ikiwa dai linahusu njia ya kutengeneza kifaa, herufi hiyo moja inakuambia kama kinachosifiwa ni njia au ni kifaa. Sisi tungesema "njia ya kutengeneza kifaa, inayotambulika kwa" au "kinachotambulika kwa", na hakuna mtoto wa darasa la nne ambaye angechanganya. Kiingereza kina "characterized" tu, na hakisemi ni ya nani.

Kwenye dai lenyewe desturi husaidia, maana bawaba hurudi kwa nomino ya mwanzo. Hatari hasa iko katikati ya sentensi, pasipo na desturi ya kukuokoa. Mswidi anaandika: "en arm (4) med ett fäste (5), förbundet med ramen (6)". Mkono wenye kishikizi, na kitu fulani kimeunganishwa na fremu. Kipi? Kwa kuwa ameandika "förbundet" na si "förbunden", ni kishikizi kilichounganishwa, mkono haukuunganishwa. Ukiandika tu "an arm (4) with a bracket (5), connected to the frame (6)", umetoa sentensi sahihi ya Kiingereza na umepoteza uvumbuzi. Mshindani ataunganisha fremu na kishikizi kisha atadai kwamba hataza inazungumzia mkono, na jaji atakuwa hana herufi ya kumsaidia. Kwa hiyo fundi anarudia nomino: "said bracket (5) being connected to the frame (6)". Maneno machache yameongezwa ili maana ibaki ileile. Ukisoma hataza mbili bega kwa bega, ya Kiswidi na tafsiri yake, uzito wa baadhi ya sentensi za Kiingereza unatokana na hilo. Mtafsiri anarudisha kwa maneno kile ambacho lugha ya kwanza ilikisema kwa kiambishi.

Turudi kwenye "innefattande". Kiingereza chake cha kudumu ni "comprising", na maana yake kisheria ni mlango ulio wazi: kifaa kina kifuniko na mpira, na kinaweza kuwa na vingine. Mshindani akiongeza kamba ya kuning'iniza, bado yumo ndani ya dai. Lakini kama Kiswidi kimesema "bestående av", Kiingereza ni "consisting of", na hapo mlango umefungwa. Akiongeza kamba, ametoka. Ofisi ya Munich na ile ya Marekani zote zinayatofautisha maneno haya mawili kwa ukali. Tatizo ni kwamba Mswidi wa kawaida husema "består av" kwa wepesi, kama sisi tunavyosema nyumba "ina" vyumba vitatu bila kuapa kwamba haina choo. Mvumbuzi aliyejiandikia rasimu huenda hakukusudia kufunga kitu. Mtafsiri akifungua mlango kwa huruma, amempa mteja haki ambayo hakuiomba, na ofisi haitaikubali. Anachofanya ni kutafsiri "consisting of" kama kilivyo na kumwandikia wakili mstari mmoja pembeni: angalia hapa.

Kuna mahali ambapo kufungwa huko ndiko kunakotakiwa, na ni mahali pa Kiswidi hasa, yaani hataza za chuma cha pua na aloi. Huko dai huorodhesha kaboni, kromi, nikeli na vingine kwa asilimia ya uzito, kisha humaliza kwa fungu ambalo mafundi wa vyuma wanalijua kwa moyo: "samt resten järn och normalt förekommande föroreningar". Kilichobaki ni chuma pamoja na uchafu wa kawaida. Kamusi itakupa "rest" kwa "resten", na msomaji ataelewa. Lakini wenye vyuma wenyewe husema "balance": "the balance being iron and normally occurring impurities". Neno hilo halipatikani kwa kufikiri. Hupatikana kwa kusoma hataza za watu wa vyuma zilizoandikwa na Waingereza na Wamarekani, jioni baada ya jioni, mpaka ujue wanavyoitana huko viwandani.

Maneno marefu angalau yanatisha, kwa hiyo mtu huyachungulia mara mbili. Yanayoangusha watu ni mafupi. "Eventuellt" inafanana na "eventually" kama pacha, kumbe maana yake ni "huenda" au "kwa hiari", na kwenye madai huwa "optionally". Aliyeandika "eventually" amegeuza sehemu ya hiari kuwa jambo litakalotokea mwishowe. "Varvid" hutumika kila mahali na mara nyingi huwa "wherein". Lakini pakiwa na sababu na matokeo, kishawishi cha kuandika "whereby" ni kikubwa, na mahakama za Marekani zinaweza kukipuuza kifungu cha "whereby" ambacho kinataja tu matokeo yaliyotarajiwa. Kwa hiyo kila "varvid" inasomwa upya: hii inaeleza umbo, au inaeleza kinachofuata?

Kisha kuna "respektive". Mswidi hulipenda neno hili kama chumvi. Anaandika kwamba mhimili wa kwanza "respektive" wa pili umeunganishwa na bamba la juu "respektive" la chini. Maana yake: wa kwanza na la juu, wa pili na la chini, kila mmoja na wake. Kiingereza hakiwezi kuliweka neno hilo katikati mara mbili. Huliweka mara moja tu, mwishoni: "the first and second shafts are connected to the upper and lower plates, respectively". Sentensi nzima inabidi ivunjwe na kupangwa upya ili neno moja lisogee. Na kabla ya kulisogeza, lazima uwe na hakika kwamba mwandishi alikusudia kupanga jozi, maana wakati mwingine Mswidi hutumia "respektive" akimaanisha "na" tu, au "au". Hapo mchoro ndio shahidi. Mtafsiri anafungua ukurasa wa michoro, anafuata mstari mwembamba kutoka namba hadi sehemu, anahakikisha mhimili upi umegusa bamba lipi, ndipo anaandika. Kwa mbali utadhani anatazama picha, kumbe anatafuta maana ya kiunganishi.

Hata "för", neno la herufi tatu, lina sheria yake. "Krok för en kran" ni ndoano ya winchi, na Kiingereza ni "a hook for a crane". Miongozo ya Munich inaeleza kwamba "for" ya namna hii maana yake ni "inayofaa kwa", ikatoa mifano inayokumbukika: ndoano ya kuvulia samaki, hata ikifanana umbo, si ndoano ya winchi, na trei ya plastiki ya kugandishia barafu haiwezi kuwa kalibu ya chuma kilichoyeyuka. Mtafsiri akiandika "used for" badala ya "for", amekigeuza kitu kinachofaa kuwa kitu kinachotumika, na mwenye kiwanda ambaye ndoano zake zimekaa ghalani bado hazijatumika atapata pa kupenyea.

Uzuri wa kazi hii unaonekana zaidi mbele ya "medel", "organ" na "don". Kiswidi cha wahandisi kina maneno mengi ya kitu ambacho hakitaki kutajwa umbo lake, kinachotajwa ni kazi yake. "Låsmedel", "låsorgan", "låsdon": vyote ni vitu vya kufungia. Ni rahisi kuviita vyote "locking means" ukaendelea na safari. Lakini tangu sheria ya Marekani ya 1952, neno "means" likifuatwa na kazi linaita kifungu maalumu kinacholibana dai, lisivuke miundo iliyoelezwa ndani ya hati na ile inayolingana nayo. Mwandishi wa Kiswidi aliyesema "organ" hakukusudia kukiita kifungu hicho, na huenda hajawahi kukisikia. Kwa hiyo "låsorgan" huwa "locking member", na "means" huwekewa "medel", ambalo ndilo mwenzake wa kweli. Tena si kila mara, kwa kuwa kwenye hataza za kemia "medel" ni dawa au kiambata, na "bindemedel" ni kitu cha kugandishia.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Ukilipa "anordning" neno "device", basi "don" limebaki bila neno, kwa sababu "device" lililifaa pia. Ukilipa "don" neno "device", "anordning" itabidi iwe "arrangement" au "apparatus". Lakini ukurasa wa nane kuna "apparat", ambalo haliwezi kuwa kitu kingine ila "apparatus", na ukurasa wa kumi na moja kuna "utrustning", ambalo linataka "equipment". Maneno mawili ya Kiswidi yasigongane kwenye neno moja la Kiingereza, wala neno moja la Kiswidi lisigawanyike kuwa mawili. Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, mtafsiri hukaa na hati nzima na kuandaa orodha: jina la kila sehemu, namba yake kwenye mchoro, neno lake la Kiingereza. Hutafuta hataza za zamani za kampuni hiyohiyo aone mwenzake aliyemtangulia aliita nini, maana hataza za familia moja zikitofautiana majina, mpinzani atauliza kwa nini. Wapo wanaoanza na maelezo ili wavijue vitu kabla ya kuvitungia madai. Wapo wanaoanza na madai kwa kuwa ndiyo yanayotoa majina kwa hati nzima. Njia zote mbili zinaishia mahali pamoja: "tätning" ikiwa "seal" ukurasa wa kwanza, ni "seal" ukurasa wa arobaini. Haiwi "gasket" kwa sababu mwandishi amechoka, wala "sealing ring" kwa sababu linapendeza. Msomaji wa hataza ana haki ya kudhani kwamba majina mawili ni vitu viwili.

Jaribu siku moja kuandika kurasa arobaini bila kutumia kisawe hata kimoja. Utaona jinsi mkono unavyowashwa. Kalamu inataka kubadilisha, inataka kumpumzisha msomaji, na kila mahali inapokubali, haki ya mtu inapungua. Kurudia kwa makini kunachosha kuliko kubuni, kwa kuwa anayebuni ana uhuru wa kusonga mbele, na anayerudia lazima kila mara arudi nyuma kuhakiki.

Kigumu zaidi bado ni kuacha kosa la mwenzako lilivyo. Rasimu ya Kiswidi ina mpira namba 2 kwenye dai na mpira namba 12 kwenye maelezo. Ni dhahiri kidole kiliteleza. Au sentensi ina maana mbili na mtafsiri anaijua iliyo sahihi. Katika tafsiri ya riwaya angerekebisha na kushukuriwa. Hapa hapana. Sheria ya Ulaya inaruhusu tafsiri isahihishwe ili ilingane na hati ya kwanza, wakati wowote kesi inapoendelea. Lakini inakataza kuongeza jambo ambalo halikuwamo siku ombi lilipowasilishwa. Kwa maneno mengine, makosa ya mtafsiri yanatibika kwa kurudi kwenye Kiswidi, ila uzuri aliouongeza yeye hauna pa kurudi. Kwa hiyo sentensi yenye maana mbili hutafsiriwa kwa sentensi yenye maana mbili zilezile, jambo ambalo ni gumu kuliko kuchagua moja, na namba 12 hubaki 12, ikiwa na alama pembeni kwa wakili. Aliyewahi kusahihisha kazi za wengine anajua inavyouma kuliona kosa na kulibeba salama hadi upande wa pili.

Mashine, bila shaka, imeingia. Ofisi ya Ulaya ilipozindua huduma yake ya kutafsiri hataza kwa kompyuta mwaka 2012, ikishirikiana na Google, Kiswidi kilikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo. Na ukweli usemwe: mafungu ya kudumu ndiyo ambayo mashine huyaweza kwa urahisi. "Enligt något av föregående krav" inatoka "according to any one of the preceding claims" bila jasho, pamoja na lile "one" la katikati ambalo wanafunzi hulisahau. Mtu anaweza kusema basi, ufundi wenyewe umekwisha, kwa kuwa kilichokuwa kikikaririwa sasa kinakaririwa na kompyuta.

Sioni hivyo, na sababu yangu ni haya tuliyoyapitia. Fungu la kudumu halikuwa gumu kulijua. Ugumu ulikuwa kujua lini "varvid" si "wherein", lini "består av" inafunga kweli, lini "förbundet" inaelekeza kwenye kishikizi, na lini "respektive" haipangi jozi. Hayo yanapatikana kwenye mchoro, kwenye ukurasa wa nane, na kwenye nia ya mtu aliyeandika. Mashine ikikupa sentensi laini iliyokosea hapo, ulaini wake unaongeza hatari, kwa kuwa hakuna kinachomfanya msomaji asite. Watafsiri wengi sasa hukabidhiwa matini iliyokwisha kupita kwenye kompyuta na kuambiwa "pitia tu". Aliyebuni neno hilo "tu" hajawahi kufuata mstari wa mchoro akitafuta mhimili.

Na mwisho wa kazi kuna karatasi. Ofisi ya hataza ya Marekani ikipokea ombi lililoandikwa kwa lugha ya kigeni, inataka tafsiri ya Kiingereza iambatane na tamko kwamba tafsiri hiyo ni sahihi. Tamko halisemi kwamba tafsiri inasomeka vizuri, wala kwamba ni ya kisasa. Linasema ni sahihi, na chini yake kuna nafasi ya saini. Anayesaini anathibitisha kwamba kila "seal" ni "tätning" na kila "tätning" ni "seal", kuanzia dai la kwanza hadi la mwisho. Huwezi kuiweka saini hiyo kwa moyo mweupe kama hukukubali, tangu mwanzo, kurudia neno lilelile mara mia na kulitazama kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.